Ugali Unapita Vizuri: Kisa cha Saratani Changa ya Umio

"Daktari, mbona mimi ugali unapita vizuri?"

Aliyeuliza ni mama wa miaka 56, mkulima wa chai wa nyanda za juu za Bomet, magharibi mwa Bonde la Ufa nchini Kenya. Alikuwa ameambiwa kwamba doa lililoonekana kwenye umio wake, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni saratani changa, au liko hatua moja tu kabla ya kuwa saratani. Mgonjwa huyu nimembuni kwa ajili ya kufundishia, lakini njia aliyopita na maamuzi yaliyomkabili ndiyo yanayowakabili wagonjwa wa aina yake na madaktari wao.

Swali lake lilikuwa na mantiki. Kwao ugonjwa huu huitwa saratani ya koo, na kila mtu anaujua kwa sura moja: unaanza kukwamwa na ugali, halafu uji, halafu maji, mwishowe hata mate yako yanarudi. Afikaye hospitali akiwa hivyo mara nyingi huwekewa stenti, yaani kimrija cha waya kinachopanua njia ili apate kula kwa muda uliobaki. Hospitali ya Tenwek, iliyo hukohuko Bomet, imepata jina kwa kazi hiyo, na si kwa kupenda: wagonjwa ni wengi, na walio wengi huja wakiwa wamechelewa. Sasa mtu anayekula ugali na sukuma wiki bila shida ataaminije kwamba ana saratani ya koo?

Yeye hakuja kwa kukwamwa. Alikuja kwa kiungulia na maumivu ya chembe ya moyo, baada ya kumeza dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi minne bila nafuu. Akapigwa kamera, yaani mrija mwembamba wenye kamera ukapitishwa mdomoni hadi tumboni. Tumboni palikuwa na wekundu ambao wapigaji kamera wa huku huuona kila siku, na kipimo cha bakteria wa H. pylori kikathibitisha. Hapo ndipo wengi wetu tungefunga faili, tukaandika dawa za wiki mbili na kumwita anayefuata. Mpigaji kamera huyu hakuitoa kamera kwa haraka. Alipofika kati ya sentimita 27 na 30 kutoka kwenye meno, aliona sehemu iliyoiva wekundu kidogo kuliko jirani yake, na vijishipa vidogo vya damu vinavyoonekana kwenye utando mzima vilikuwa vimefichika. Hapakuwa na uvimbe wala kidonda. Ni sehemu ambayo ungeipita mara mia usiione.

Akaomba dawa ya Lugol. Ni maji ya iodini ya asilimia 1 hadi 2, ya bei ndogo, yanayonyunyizwa kwenye utando kupitia kamera. Seli za kawaida za utando wa umio zina akiba ya glaikojeni, ambayo ni aina ya wanga, na iodini ikikutana nayo utando wote hugeuka kahawia iliyokolea. Seli zilizoharibika huwa zimepoteza akiba hiyo, kwa hiyo hubaki bila rangi. Kwa mama huyu lilitokea doa jeupe lenye kingo kali kama ramani ya kisiwa, urefu wa milimita 32, likichukua karibu nusu ya mzunguko wa umio. Baada ya dakika mbili tatu, weupe ule ukageuka waridi. Waridi hiyo ni dalili mbaya, kwa sababu madoa yanayofika hapo mengi huwa ni displasia kali, yaani seli zilizoharibika hadi kukaribia kuwa saratani, au saratani yenyewe. Kando kidogo, kwenye sentimita 34, palikuwa na vidoa vingine vitatu vidogo visivyoshika rangi wala kugeuka waridi. Vikaandikwa kwenye ripoti. Tutavirudia.

Naona hapa ndipo kisa hiki kilipoamuliwa, kabla kisu hakijatajwa. Watu wa fani hii tunapenda kuzungumzia visu vya Wajapani vya kuchunia utando kupitia kamera na video zao za kuvutia, ilhali chupa ya Lugol inaweza kuwekwa kwenye kabati la hospitali yoyote yenye kamera. Mwaka 2016 watafiti wa Tenwek walichapisha matokeo ya kuwapima kwa njia hiyo watu wazima 305 wa eneo hilo wasio na dalili zozote: asilimia 14.4 walikuwa na displasia ya umio. Kwa hiyo madoa ya aina hii yapo, yanatembea sokoni na kuchuma chai, ila hayaulizwi.

Kinyama kilichukuliwa mara mbili tu, kutoka pale palipoonekana pabaya zaidi. Ipo tabia ya kunyofoa vinyama sita au vinane "ili tuwe na uhakika". Kwenye doa linaloweza kuondolewa kwa kamera, uhakika huo una gharama, kwa sababu kila palipong'atwa hufanya kovu, na kovu huunganisha utando na msuli ulio chini yake. Atakayekuja baadaye kuuchuna utando huo atakuta umegandamana. Jibu la maabara lilisema displasia kali, lakini haiwezi kukanushwa kwamba pana saratani iliyokwisha kupenya. Kinyama ni chembe ndogo ya juujuu, hakiwezi kusema zaidi ya hapo.

Alipoulizwa maisha yake, mama hakuwahi kuvuta sigara wala kunywa pombe. Jambo hilo haliwashangazi madaktari wa ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapitia Kenya na Tanzania, hadi Malawi na Afrika Kusini: wagonjwa wengi hawaingii kwenye maelezo ya vitabu vya Ulaya, ambavyo huanza na pombe na tumbaku. Anapika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dohani. Chai anainywa ikiwa bado inafuka. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliviweka vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, katika kundi la vitu ambavyo yamkini vinasababisha saratani kwa binadamu. Huyu alipoambiwa hivyo alicheka: "Sasa chai ya kupoa ni chai gani?"

Ili kuelewa kilichofuata inabidi ukuta wa umio uukate kwa mawazo, tabaka baada ya tabaka. Juu kabisa ni utando wa seli bapa. Chini yake kuna tabaka jembamba la nyuzi laini, kisha msuli mwembamba sana unaoufunga utando wote kwa chini. Baada ya hapo ndipo panapoanza tabaka laini lililojaa mishipa ya damu na ya limfu, na mwisho msuli mnene unaosukuma chakula. Tumbo na utumbo vina ganda la nje linalovifunika. Umio hauna, kwa hiyo msuli mnene ukitoboka, hewa na mate huingia moja kwa moja kifuani.

Saratani ikiwa bado ndani ya matabaka mawili ya kwanza, uwezekano kwamba imefika kwenye tezi za limfu, vituo ambavyo saratani hupitia kusambaa, ni mdogo sana, chini ya asilimia 5. Ikigusa msuli mwembamba, unapanda hadi karibu asilimia 10. Ikizama zaidi ya mikromita 200, yaani sehemu ya tano ya milimita, ndani ya lile tabaka laini, tafiti huonyesha asilimia 30 hadi 50. Haya yote yanatokea ndani ya unene usiozidi milimita chache. Kuondoa utando kwa kamera hakuondoi tezi, kwa hiyo swali la kwanza huwa ni kina cha ugonjwa, na upana wake huja baadaye.

Kina hicho kilikadiriwa kwa kamera yenye mwanga wa buluu na kijani na lenzi ya kukuza, inayoonyesha vitanzi vya mishipa midogo iliyo ndani ya utando. Kwa uainishaji wa Wajapani, vitanzi vilivyopanuka na kujikunja lakini vikabaki na umbo la kitanzi huitwa B1, na huashiria ugonjwa wa matabaka mawili ya juu. Vikipoteza umbo hilo huitwa B2, navyo huashiria kwamba msuli mwembamba umeguswa. Vikiwa vinene mno ni B3, ugonjwa umezama. Doa la mama lilikuwa B1 karibu lote, isipokuwa sehemu ya milimita 5 hivi upande wa nyuma iliyokuwa na B2. Kipimo cha CT cha shingo, kifua na tumbo hakikuonyesha tezi zilizovimba.

Kikao cha madaktari kilikuwa na njia nne mezani. Kuondoa umio wote na kulivuta tumbo juu lichukue nafasi yake huondoa na tezi pia, lakini hata mikononi mwa mabingwa si upasuaji wa kuchezea, na mtu huishi nao maisha yake yote: chakula kupanda kooni usiku, kula kidogokidogo, kupungua uzito. Mionzi pamoja na kemo huuacha umio mahali pake, ila ni wiki nyingi za matibabu makali kwa ugonjwa ambao huenda una unene wa karatasi. Kuuchoma utando kwa mawimbi ya redio kulitajwa na kuachwa upesi. Ukichoma, hutabaki na kitu cha kupeleka maabara, na kwa doa lenye B2 ndani yake hiyo ni sawa na kuchoma barua kabla ya kuisoma.

Ikabaki kuondoa kwa kamera. Nayo ina namna mbili, na hapo ndipo mjadala ulipochukua muda.

Namna ya kwanza, EMR, ndiyo rahisi. Kikombe cha plastiki huvalishwa kwenye ncha ya kamera, utando hufyonzwa ndani yake, mpira mdogo hufyatuliwa kuubana shingoni, kisha kitanzi cha waya wenye umeme huukata. Mtu aliyezoea hutumia dakika chache. Shida ni ukubwa wa kikombe: kila mkato hutoa kipande cha sentimita moja hadi moja na nusu. Doa la milimita 32 lingetoka vipande vinne au vitano, kila kimoja kikiwa na kingo zilizoungua. Daktari kijana kwenye kikao aliuliza, na aliuliza vizuri: kama vyote vinatoka, si yaleyale?

Si yaleyale. Mtaalamu wa patholojia akipewa vipande vitano hawezi kuvipanga upya akasema ukingo upi ulikuwa wa nje na upi ulikuwa katikati ya ugonjwa. Akiona seli za saratani kwenye ukingo ulioungua, hajui kama zimebaki mwilini au zilikatwa tu kati ya kipande na kipande. Na lile eneo la B2, ambalo hatima ya mama inategemea kina chake, lingeweza kuangukia kwenye mshono wa mikato miwili. Tena ugonjwa hurudi palepale mara nyingi zaidi kwa waliokatwa vipande vipande kuliko kwa waliotolewa kipande kimoja. Mwongozo wa chama cha Ulaya cha madaktari wa endoskopi huiruhusu EMR kwa saratani ya seli bapa pale doa lisipozidi takriban milimita 10 na likaweza kutoka zima. Kwa makubwa zaidi hupendekeza ESD.

ESD ndiyo namna ya pili, nayo ni kuchuna. Ilikuzwa Japani miaka ya 1990 kwa ajili ya saratani ya tumbo, na bima ya huko ikaanza kulipia ya umio mwaka 2008. Daktari hafyonzi wala hanasi kitu. Anachora mpaka, anaingia chini ya utando kwa kisu cha umeme chenye ncha ya milimita mbili hivi, na kulitenganisha doa zima na msuli, kama mtu anavyochuna ngozi ya mbuzi bila kuitoboa, kwa sababu ngozi iliyotoboka haifai kwa ngoma. Ubaya wake ni muda, na mkono. Mtu hujifunza kwanza kwenye nguruwe na kwenye tumbo la binadamu. Umio, mwembamba na unaodunda kwa sababu ya moyo ulio jirani, huja mwisho. Hospitali yenye kamera isijipe moyo kwamba basi inaweza ESD. Mama alisafirishwa hadi kituo chenye mtu aliyeifanya mara nyingi.

Kazi yenyewe nitaipita haraka. Mama alilazwa usingizi kamili, mrija kwenye njia ya hewa ili maji na damu visishukie mapafuni. Lugol ikanyunyizwa tena, na alama za umeme zikawekwa kuzunguka doa, milimita 5 nje ya ukingo wake. Maji yenye rangi ya buluu yakadungwa chini ya utando, ukainuka kama godoro, na ile buluu ikawa taa ya njiani: ukiona buluu uko mahali salama, ukiona nyeupe yenye nyuzi za mlalo umefika kwenye msuli, simama. Upande wa chini ulikatwa kwanza, halafu wa juu, halafu pande mbili. Klipu iliyofungwa uzi ikaubana ukingo wa utando na kuuvuta ili kisu kione kinapopita. Hewa iliyotumika ilikuwa kaboni dayoksaidi, ambayo mwili huifyonza upesi endapo itavuja kifuani. Mahali pamoja msuli ulikwaruzwa. Ukafungwa kwa klipu mbili. Dakika 110, kipande kimoja, milimita 44 kwa 35.

Kidonda kilichobaki kilifika robo tatu ya mzunguko, na robo tatu ndiyo mstari unaoogopwa, kwani kuanzia hapo kovu hujikunja na umio hubana kwa wagonjwa walio wengi wasipokingwa. Kinga ni steroidi, dawa za kutuliza uvimbe. Wengine hupewa vidonge vya prednisoloni, kuanzia mg 30 kwa siku na kupunguzwa polepole kwa wiki nane. Mama ana kisukari, na aliwahi kutibiwa kifua kikuu miaka tisa iliyopita, na vidonge hivyo huweza kupandisha sukari na kuamsha kifua kikuu, kwa hiyo vikaepukwa. Alidungwa triamsinoloni mg 100 palepale kwenye kidonda, kwa uangalifu isiingie kwenye msuli, maana msuli uliodungwa dawa hiyo unaweza kutoboka siku kadhaa baadaye.

Sasa kipande. Kilitandazwa kwenye ubao laini, kikachomekwa pini pande zote ili kisijikunje, upande wa juu wa umio ukaandikwa, kikatumbukizwa kwenye fomalini. Kazi hii ya dakika kumi hufanywa mara nyingi na mtu aliyechoka, na ikifanywa vibaya dakika 110 zote zimepotea. Maabara walikikata vipande vya milimita mbili mbili, kimoja baada ya kingine, na kwenye ramani ya doa wakaandika kila kimoja kilikuwa wapi. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: saratani ya seli bapa, kingo zote safi, chini safi. Sehemu kubwa ilikuwa kwenye tabaka la kwanza na la pili. Lakini vipande viwili vya upande wa nyuma, palepale palipokuwa na B2, vilionyesha saratani ikigusa msuli mwembamba bila kuuvuka. Mishipa ya limfu na ya damu ilikaguliwa kwa rangi maalumu, ikiwemo D2-40 inayozionyesha kuta za mishipa ya limfu, na haikukutwa na seli za saratani.

Hili ni eneo la kijivu. Kama ugonjwa ungekuwa juu zaidi, mama angeambiwa amepona, arudi baada ya muda kuangaliwa. Kama ungezama, au kama mshipa mmoja tu ungekutwa na seli, mionzi na kemo vingefuata. Kikao kiliegemea utafiti wa Japani uitwao JCOG0508, uliochapishwa mwaka 2019. Wagonjwa 176 waliondolewa ugonjwa kwa kamera kwanza, kisha maabara ikaamua nani aongezewe matibabu. Ambao ugonjwa wao haukuuvuka msuli mwembamba, kingo safi, mishipa safi, hawakuongezewa kitu. Waliokuwa na ugonjwa uliozama au mishipa iliyoguswa walipewa mionzi ya Gy 41.4 (Gy ni kizio cha dozi ya mionzi) pamoja na kemo, na miaka mitatu baadaye asilimia 90.7 walikuwa hai.

Mama aliwekwa kwenye kundi la kutoongezewa. Alielezwa waziwazi kwamba uwezekano wa tezi kuguswa haujafika sifuri, na kwamba angepimwa CT kila baada ya miezi sita. Akasikiliza, akamtazama binti yake, akauliza kama kwenye mionzi mtu hulala hospitali. Alipoambiwa atapaswa kukaa mjini wiki tano, akasema, "Basi tuangalie kwanza. Mkiona kitu, mniambie ukweli." Binafsi naona uamuzi ulikuwa sahihi. Najua pia wenzangu ambao, kwa asilimia ileile 10, wangempa mionzi, na sina ushahidi wa kuwanyamazisha. Ninachoweza kusema ni kwamba mabishano haya yanawezekana tu kwa sababu kipande kilitoka kizima. Kwa vipande vitano vilivyoungua kingo, kikao kingebishana juu ya kubahatisha.

Wiki ya tano ugali ukakwama. Mama alipiga simu akiwa na hofu kuliko siku aliyoambiwa ana saratani, maana sasa ndiyo ile sura anayoijua. Ilikuwa kovu. Umio ulikuwa umebana kiasi cha kamera ya kawaida kutopita. Ukapanuliwa kwa puto, tena baada ya wiki mbili, tena mara ya tatu, kisha ukatulia. Alikuwa ameambiwa mapema kwamba hili laweza kutokea, lakini hapo kosa letu la kawaida lilijirudia: tulimweleza kovu kwa lugha ya takwimu, hatukumwambia kwa maneno ya jikoni kwamba kuna siku ugali utakwama na haitakuwa saratani imerudi.

Kamera ya mwezi wa sita ilifanywa kwa Lugol, kama zitakavyofanywa zote zinazofuata, kwa kuwa umio uliotoa doa moja hutoa mengine. Mahali palipochunwa palikuwa kovu jeupe lililofunikwa na utando mpya. Vile vidoa vitatu vya sentimita 34 viliangaliwa kimojakimoja. Viwili vilikuwa vilevile. Cha tatu kilikuwa kimefika milimita 7, na kilipoachwa dakika tatu kikageuka waridi.

Safari hii hakuna aliyetaja ESD. Kidoa cha milimita 7 kinaingia chote ndani ya kikombe kimoja. Kilifyonzwa, kikafungwa mpira, kikakatwa mkato mmoja, dakika kumi na mbili kwa jumla, na mama akarudi nyumbani jioni ileile. Maabara wakasema displasia kali, kingo safi. Kamera inayofuata ni ya baada ya miezi sita mingine, na safari hiyo binti yake ameomba naye apimwe siku hiyohiyo.